Kombo na Deni la Pilau

Maneno haya niliyasema mbele ya Waswahili wenzangu hapa Madison, Wisconsin, mwezi wa Machi 2022, wiki chache kabla ya Ramadhani. Waliokosa usiku ule wameniomba niyaandike. Nimeyanyoosha kidogo. Matani ya meza ya nyuma nimeyaacha hukohuko nyuma.

Asalaam alaykum. Ndugu zangu Wakristo, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Watoto mlio chini ya meza, nawaona.

Mwenyekiti ameniambia nizungumze nusu saa juu ya uwindaji wa Marekani. Ananisitiri tu. Nyote mnajua nimesimamishwa hapa kujibu mashtaka. Mwaka 2019, ndani ya ukumbi huuhuu, niliwaahidi pilau ya Kombo, dume wa porini niliyekuwa namwinda. Mwaka uliofuata ikaja corona ikaniokoa, hatukukutana. Na mwaka jana tulionana kwenye simu, kila mtu na sahani yake, hakuna aliyeweza kunidai. Sasa tumekaa pamoja, harufu ya jikoni mnaisikia, na maswali nimeanza kuulizwa tangu mlangoni. Nitafika huko.

Kwanza nimtambulishe mwenyewe. Nimekuja na pembe zake kwenye hiki kikapu. Zipitisheni, msiogope, nimezichemsha na kuzisugua. Hiyo ndefu yenye matawi matano ni ya kulia. Hiyo nyingine, iliyoshuka chini halafu ikarudi juu kama mkono wa birika, ndiyo ya kushoto. Kwa hiyo pembe ndiyo nikamwita Kombo. Kina Kombo wa Unguja na Pemba mliopo mnisamehe, wazazi wenu walikuwa na sababu zao na mimi nina yangu.

Ona jambo moja. Kiswahili chetu kinababaika kwa mnyama huyu. Swala, paa, pongo, kulungu, tandala, hao wote pembe zao ni za maisha. Mnyama akishaota pembe, atakufa nazo, na ikivunjika imevunjika. Huyu wa hapa anazitupa kila mwaka na kuota nyingine. Waliotafsiri Biblia walikutana na tatizo hilo wakachukua neno ayala, na wasomaji wa Zaburi ya 42 mnalijua. Basi mimi namwita ayala. Wengine humu mnamwita swala wa mkia mweupe, wengine "yule aliyenivunjia taa ya gari". Ni huyohuyo.

Kuanzia Aprili, pembe zinaanza kuchipua zikiwa zimefunikwa ngozi laini kama mahameli, ina joto ukiigusa, damu inapita ndani. Mwezi wa Agosti mfupa unakauka. Septemba dume anaisugua ile ngozi kwenye miti michanga mpaka inabanduka, na miti yenyewe inabaki imechunika magome, myeupe kama mfupa. Novemba ni msimu wa kutafuta majike, na hapo ndipo akili yote inamtoka. Halafu kati ya Desemba na Machi pembe zinadondoka, mara nyingine leo moja na kesho nyingine. Mtu mwenye subira akitembea msituni theluji inapoyeyuka anaweza kuziokota.

Kombo alikuwa na kovu kwenye paja la nyuma la kulia. Sijui aligongwa na gari au alinasa kwenye waya wa uzio. Kwa ayala, jeraha la mguu wa nyuma hujitokeza kwenye pembe ya upande wa pili: kaumia kulia, pembe ya kushoto inaharibika, na inaweza kuendelea hivyo mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo kila alipoota pembe mpya, ya kushoto ilirudi na kilema chake. Madume wengine bondeni ningeweza kuwachanganya. Huyu, hata kwenye picha mbaya ya usiku, nilimjua kama ninavyomjua mwenyekiti kwa tumbo.

Sasa mtoto wa Pangani aliyekulia kwenye dagaa na changu aliingiaje porini? Kazi yangu mnaijua, mimi ni fundi wa matangi ya kupozea maziwa. Maziwa yanatoka kwa ng'ombe yana joto la mwili, lazima yashuke mpaka nyuzi 4 haraka, la sivyo yanamwagwa. Usiku mmoja wa Januari 2015 niliitwa kwenye shamba moja la Richland, upande wa magharibi kutoka hapa. Mzee mwenye shamba alinishikia tochi saa tatu nzima, baridi imekaza mpaka spana inang'ata vidole. Tulipomaliza akaniletea sandwichi ya nyama. Nikamwambia samahani mzee, nakula nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wetu. Hakukasirika. Alifikiri kidogo akauliza: na ukiua mwenyewe?

Sikuwa na jibu. Nilimpigia shehe siku ya pili. Akanieleza: taja jina la Mungu unapofyatua, ukimkuta bado hai umchinje, na kula. Kisha akanikumbusha kitu ambacho wakati ule nilikiona kama nyongeza tu. Mtume amekataza kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Yaani usiue kwa mchezo. Nikasema ndiyo shehe, bila shaka shehe.

Nikasoma kozi ya usalama wa wawindaji. Hapa Wisconsin kila aliyezaliwa kuanzia Januari 1, 1973 hapati leseni bila cheti hicho, au awinde chini ya uangalizi wa mtu mzoefu. Darasani nilikaa na watoto wa miaka 12, na mmoja wao alinizidi alama. Leseni ya bunduki kwa mkazi ikanigharimu dola 24. Niliishika ile karatasi nikamkumbuka babu yangu mzaa mama. Kwetu tuko jirani na Saadani, na babu aliwahi kuwekwa ndani siku mbili kwa paja la pongo lililokutwa jikoni. Sisemi sheria ni mbaya, bila sheria Saadani pasingekuwa na mnyama leo. Hata huku ayala walikaribia kuisha mwishoni mwa karne ya 19, wakiwindwa kwa ajili ya soko, mpaka sheria zilipobana na biashara ya nyama pori ikakatazwa. Nasema tu kwamba nilisimama dukani na karatasi yangu ya dola 24, kati ya mashine ya kahawa na rafu ya soksi, nikacheka peke yangu, na muuzaji akadhani nimefurahia bei.

Mwaka 2016 niliua jike, nikamchinja, tukala. Walioonja mnakumbuka. Nyama yake haina mafuta, ukiiharakisha inakuwa kama kandambili. Na mafuta machache iliyonayo yanaganda kwenye kaakaa kama mshumaa, lazima uyatoe yote kabla ya kupika. Mama watoto aliilaza usiku mzima na papai bichi na tangawizi, asubuhi akaiweka kwenye tui. Hapo nikaona nimepata njia ya kula halali bila kuendesha gari saa nzima kwenda buchani.

Mambo yangekaa hivyo. Lakini Novemba 2017, jioni ya siku ya kwanza ya msimu, nilikuwa juu ya dungu. Vijana mliozaliwa huku, dungu ni ule ulingo wa miti tunaokaa kulinda mpunga na ndege. Hapa wanauza wa chuma dukani, unaufunga kwenye mti na mkanda. Jike alipita, na nyuma yake akachechemea dume kijana, pembe moja juu, moja chini. Alisimama nyuma kabisa ya jike, kifua kwa kifua, kama anajua. Nikangoja watengane. Aliinua pua, akapiga mguu wa mbele chini mara moja, tup, wakatoweka wote wawili.

Hapo nilipaswa kusahau. Bonde lile lina ayala wengi tu. Badala yake nikanunua kamera za mtego mbili, zile zinazojipiga picha mnyama akipita, nikazifunga kwenye njia zake.

Msimu wa 2018 sikumwona hata mara moja kwa macho yangu. Nilimwona kwenye picha: saa 8 na dakika 14 usiku, saa 9 usiku, saa 10 alfajiri. Siku tisa za bunduki zikaisha. Msimu wa bunduki hapa unaanza Jumamosi kabla ya sikukuu ya Shukrani, siku tisa tu, na kwa siku hizo nusu ya Wisconsin imevaa rangi ya chungwa kali. Ayala wenyewe hawaioni rangi ile kama sisi, macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Wanachokiona vizuri ni bluu. Nimewahi kukaa dungu asubuhi nzima na suruali ya jinzi, nikashangaa kwa nini kila mnyama ananitazama.

Machi 2019 niliokota pembe yake ya kushoto ya mwaka ule, imelala kwenye majani chini ya mwaloni. Nikaileta hapa ukumbini. Ndiyo siku nilipolewa sifa zenu nikaahidi pilau.

Msimu wa 2019 ndio ulionivua nguo. Nilikuwa na chupa yangu ya chai, tangawizi na iliki kama kawaida, baridi ya nyuzi 12 chini ya sifuri. Saa 1 asubuhi nilimwona mita 150 hivi, anakuja moja kwa moja. Akasimama. Akanyoosha shingo, akalamba pua yake (wanalamba pua ili harufu ishike vizuri), akakaa hivyo labda dakika nzima. Nilijua hasa anachonusa. Wisconsin nzima iliki haioti porini. Aligeuka polepole, wala hakukimbia, na hilo ndilo lililoniuma.

Msimu ule madume wawili wengine walipita chini yangu, na majike siwezi kuwahesabu. Sikuinua bunduki. Friza ikabaki na samaki wa dukani. Nilirudi nyumbani siku ya tisa mikono mitupu, mama watoto amesimama jikoni, akaniuliza bila kugeuka: "Baba watoto, wewe unataka kitoweo au unataka kushinda?" Nikasema nataka Kombo. Akasema: "Mkamia maji hayanywi." Na akaendelea kukatakata vitunguu.

Mwaka 2020 nitaupita haraka kwa sababu hauna sifa. Nilimpata mita 100, nikafyatua, risasi ikapiga tawi la mwaloni ambalo sikuliona kwenye darubini. Pale aliposimama nilikuta nywele chache nyeupe, hakuna damu. Nilitambaa kwa magoti siku ile na siku iliyofuata, nageuza jani moja moja. Ukimjeruhi mnyama na ukamkosa, chakula hakishuki. Siku ya kumi na moja kamera ikampiga picha, mzima, ana alama nyembamba kifuani kama aliyekwaruzwa na kucha. Niliswali rakaa mbili. Mzee wa shamba aliniuliza kama natania.

Sasa nifike kwenye kitu chenyewe, maana hapa ndipo nilipojifunza jambo.

Eneo lile si tambarare kama Wisconsin nyingine. Barafu za kale zilizosawazisha majimbo haya zililizunguka tu, hazikulikanyaga. Kwa hiyo ni vilima vikali na mabonde membamba, maji yamechimba. Mimi kwa miaka minne niliingia bondeni kama wenzangu wote: saa 11 alfajiri, gizani, kutoka bandani, nakwea. Jua likichomoza niko juu ya dungu. Ndivyo tulivyofundishwa, ndivyo anavyofanya kila mtu.

Baridi ya mwaka ule, kazi ilikuwa imepungua. Mashamba ya maziwa yanafungwa kwa mamia, hata mzee wangu alikuwa ameuza ng'ombe, na lile tangi nililolitengeneza usiku ule sasa anawekea mbegu za mahindi. Nikawa na muda. Nilikuwa naenda bondeni bila bunduki, natembea kwenye theluji nafuata nyayo zake tu. Mguu wa nyuma wa kulia anauburuza kidogo, theluji inaonyesha mstari. Nikafuata mstari ule mpaka kwenye malalo yake. Na nikalala pale. Nilijilaza kabisa, kwenye kitako kidogo cha mteremko unaotazama mashariki, theluthi moja kutoka juu, nikatazama anachokitazama.

Nilikuwa na unga mwembamba wa watoto kwenye kichupa, ule wa poda. Nikaupuliza. Upepo wa magharibi ulitoka nyuma yangu, juu ya mgongo wa kilima, ukanipita kichwani. Maana yake anayekuja kwa juu, dume anamnusa. Jua lilikuwa limeshapiga mteremko, nikapuliza tena kuelekea bondeni, na unga ukapanda. Ukanirudia usoni. Anayekuja kwa chini, anamnusa pia. Na macho yake yanaona bonde lote mpaka mlango wa banda. Kila asubuhi kwa miaka minne Kombo alinitazama nikifungua ule mlango.

Nikakaa pale nikacheka, kwa sababu upepo ule naujua. Ni umande wa Pangani! Wavuvi wenzangu mliomo humu, mnanielewa. Usiku nchi kavu inapoa, hewa nzito inateremka kwenda baharini, huo ndio umande, na ngalawa zinatoka nao alfajiri. Jua likipanda, nchi inapata joto, hewa inageuka na kuingia kutoka baharini, na ngalawa zinarudi. Kilima kinafanya hivyohivyo: usiku hewa inamwagika chini, mchana inapanda. Kati ya hayo mawili kuna muda mfupi wa shwari ambao haujaamua. Mjomba wangu hakuwahi kutweka tanga kwa sababu saa imefika. Alikaa mchangani na kikombe cha kahawa, watu wanamcheka, mpaka aone upepo umegeuka. Mimi nimekulia kwenye chombo chake, nimekuja Marekani nimenunua kamera mbili na darubini, halafu nikatweka tanga kwa saa ya ukutani.

Novemba 2021 nilifanya tofauti. Siku nne za mwanzo upepo ulikuwa wa magharibi au haueleweki, nikabaki nyumbani. Mama watoto akadhani naumwa. Jumatano, tarehe 24, upepo ukageuka kusini, unapita sambamba na bonde. Nilifika saa 12 alfajiri kwa mazoea, nikabaki ndani ya gari. Wawindaji wa shamba la jirani waliingia msituni, taa zao nikaziona zinapanda na kuzimika. Jua likachomoza. Sikutoka. Lilipofika saa 2 na nusu, nikaona barafu nyembamba juu ya majani ya ule mteremko inayeyuka na mvuke unapanda juu. Hapo ndipo nikashuka garini, nikatembea kwenye mgongo wa kilima kutoka kaskazini, upepo usoni, harufu yangu inabebwa juu na nyuma. Hatua tatu, nasimama. Hatua tatu, nasimama. Mita 300 zilinichukua zaidi ya saa moja.

Saa 4 ilipopita, wale wa jirani wakaanza kutoka kwenda kunywa chai, milango ya magari inagongwa kule chini. Na kwenye majani ya mwaloni, hatua 80 mbele yangu, kitu nilichodhani ni gogo kikasimama. Alinyanyuka kama ng'ombe, nyuma kwanza, akiuegemea mguu mzima, kama mzee anayeamka kwenye mkeka. Alikuwa amewatazama wale watu muda wote. Mimi alikuwa hanijui.

Bismillahi, Allahu Akbar. Nikafyatua.

Alikimbia hatua kama hamsini na kuanguka juu ya magoti. Nilimkuta anapumua bado. Nikamwelekeza kibla, ambayo kwa Wisconsin ni kaskazini mashariki, jambo ambalo wageni hulibishia kila mara, nikamchinja. Mikono ilinitetemeka. Mnene, mgongo umejaa, koti la baridi limekamilika, kile kikwaruzo cha kifuani kimeota nywele nyeupe. Meno ya nyuma yalikuwa yamelika karibu na ufizi. Mzee alipokuja na trekta akayatazama, akasema huyu ana miaka sita na nusu, si chini. Hakusema lingine mpaka bandani.

Nikatoa kilo 31 za nyama safi. Nikazifunga vifurushi, kila kimoja nikaandika K, nikaviweka friza ya chini peke yake. Simu zenu nikaanza kuzipokea usiku uleule.

Kwa nini peke yake? Hapa niwaombe wazazi mnisikilize, maana wengi mnapewa nyama hizi na majirani. Kuna ugonjwa wa ayala unaoitwa CWD, ugonjwa sugu wa kukonda. Uligunduliwa kwa wanyama wa kufugwa huko Colorado mwaka 1967, na Wisconsin ukathibitishwa mwaka 2002, si mbali na tulipokaa. Hausababishwi na kidudu. Ni protini ya mwilini iliyojikunja vibaya, inazifanya nyingine zijikunje, mpaka ubongo unatoboka kama sifongo. Hauna dawa wala chanjo. Kupika hakuuondoi. Mnyama hukaa nao mwaka au zaidi akiwa mnene na mzuri kabla ya kukonda, na madume wakubwa ndio wanaokutwa nao zaidi. Hajathibitishwa mtu hata mmoja aliyeupata kwa kula, lakini mamlaka ya afya yanasema nyama ya mnyama aliyekutwa nao isiliwe. Kwa hiyo unakata kichwa na kipande cha shingo, unaondoa pembe ukitaka, unakiweka kwenye sanduku la Idara ya Maliasili lililo barabarani, na wanakipima bure. Halafu unangoja.

Nilingoja siku 15. Nilikuwa juu ya paa la duka moja la jibini nabadilisha feni ya kondensa, simu ikatetemeka mfukoni. Nikasoma nikiwa nimevaa glavu moja. Amekutwa nao.

Nilimaliza kufunga ile feni. Nikaenda nyumbani, nikatoa vifurushi vyote vya K, nikavipeleka kwenye kontena wanaloliweka kwa ajili ya mizoga ya ayala. Visu na mbao nikaviloweka kwenye jiki. Mama watoto alikuja nami garini, hakusema methali yoyote. Tulipofika alinisaidia kubeba. Vilikuwa vimeganda, vinagonga ukuta wa kontena kimoja kimoja.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni kama ningejua mapema, ningemwacha. Nimelifikiria sana. Ningekuwa nawinda kitoweo, ningechukua jike yeyote mwaka 2018, watoto wangekula, na huyu angekufa porini amekonda bila mimi kumjua. Lakini na lile bonde nisingelijua. Nimeishi nchi hii miaka 17, na mpaka nilipojilaza kwenye yale malalo, nilikuwa naishi kama abiria kituoni, begi mkononi. Sasa naweza kukwambia jua la Februari linagusa jiwe gani kwanza. Hayo yote mawili ni kweli na sijui kuyapatanisha. Shehe nilimweleza habari nzima, akanitazama, akasema nimwagizie ile poda.

Wiki iliyopita nilirudi bondeni, theluji imeanza kuyeyuka. Sikuwa na cha kutafuta, miguu tu ilikwenda. Hatua arobaini nyuma ya dungu langu la zamani, lile la chai ya iliki, niliokota pembe ya kushoto, ya mwaka juzi kwa rangi yake. Panya wameitafuna nusu, wanapenda chokaa yake. Ni hiyo ndogo iliyo chini kabisa ya kikapu, yule mtoto anaichezea sasa hivi.

Basi, wazee wangu, pilau mnayoisikia ni ya mbuzi. Ametoka buchani, amelipiwa na mimi, risiti ninayo. Ukoko waachieni wazee. Karibuni mnawe mikono.